Kaseti na makaye ya mzee mpiga gitaa aliyegeuka mwandishi wa mambo ya roho: tuanzie wapi?

Mjukuu_wa_Katuba

Wayaya na wandugu, hamjambo. Mzee wetu mmoja hapa Lubumbashi alijifundisha gitaa peke yake, bila mwalimu wala solfeji, akapiga kwenye harusi, matanga na baa za Kamalondo. Baadaye akaacha baa akashika biki: ndoto, maono, sala, mafundisho juu ya sauti, pumzi na roho. Yuko hai, akili ni nzima, macho ndiyo yamechoka. Familia yote imekubali maisha yake yaandikwe yawe kitabu kidogo.

Vilivyopo: kaseti 19, karibu zote za dakika 90, mbili zimeota uvundo. Makaye (madaftari) 11 ya shule, mengi hayana tarehe. Picha chache. Gitaa moja iliyobaki na nyuzi nne. Kiswahili chake ni cha hapa mjini, kimechanganyika na Kifaransa na Kisanga. Vyombo vyetu ni simu mbili, laptopu moja na redio-kaseti moja ya zamani.

Kaseti tuzicheze vipi bila kuzikata? Makaye tuyapange kwa miaka kwa kutumia nini? Kiswahili chake tukisahihishe au tukiache? Na haki ni za nani?

Fundi_Redio

Anza na kaseti, makaye yatangoja. Karatasi kavu ina subira, lakini utepe ukizungushwa vibaya mara moja umekwisha.

Kabla ya kutia kaseti yoyote, fungua mlango wa hiyo redio utazame kigurudumu cha mpira kinachobana utepe. Kikiwa kigumu na kinang'aa, au kinanata, kitameza kaseti ya kwanza utakayoitia. Mpira uoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, maana spiriti huukausha hadi ukapasuka. Kichwa cha kusomea ndicho kinachotaka spiriti, ya asilimia 90 au zaidi, kwa pamba ya masikio. Ile ya famasi ya asilimia 70 ina maji mengi. Ukikosa nyingine itumie, ila ngoja ikauke kabisa. Kisha jaribu mashine kwa kaseti usiyoijali, dakika 45 nzima, siyo dakika mbili.

Sasa kaseti zenyewe. Vunja vijino vya plastiki vilivyo mgongoni ili mtu asirekodi juu kwa bahati mbaya. Cha kushoto kinalinda upande unaokutazama. Tazama kile kipande kidogo cha felti katikati ya mdomo. Kikiwa kimedondoka, sauti itakuja hafifu na kupotea-potea, na watu wengi hapo husema kaseti imekufa, kumbe gundi tu ndiyo imekwisha. Ganda lenye skrubu tano linafunguka. Lililoyeyushwa pamoja linapasuliwa kwa uangalifu kwenye mshono, halafu magurudumu mawili na utepe wake unavihamishia kwenye ganda zima la skrubu. Baada ya hapo zungusha utepe mbele hadi mwisho na urudishe, bila kucheza, ili mkazo uwe sawa.

Mbili zenye uvundo zitenge ndani ya bahasha za karatasi, usizichanganye na nyingine, na uzifanye mwisho. Ziache zikauke kivulini penye hewa. Uvundo mkavu huacha kunata. Hapo zizungushe nje ya nyumba, kwenye mashine mbovu usiyoionea huruma, ukivaa barakoa. Utakapozicheza, safisha kichwa kila baada ya upande mmoja. Na tafadhali usisikie ushauri wa intaneti wa kuoka utepe ndani ya oveni. Dawa hiyo ni ya tepu fulani za magurudumu makubwa za miaka ya 70 na 80 ambazo gundi yake imeoza. Kaseti ukiioka, unapata ganda lililopinda.

Kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa cha kusomea. Kila mashine ilirekodi kichwa kikiwa na mlalo wake, kwa hiyo gitaa likisikika kama limefunikwa blanketi, geuza skrubu hiyo kidogo kidogo huku unasikiliza, hadi mlio wa nyuzi nyembamba ufunguke. Unarudia kwa kila kaseti. Kazi hii peke yake inaleta faida kuliko programu yoyote ya kusafisha sauti.

Kutoka kwenye redio, chukua sauti tundu la hedifoni, voliumu karibu theluthi, uipeleke kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB yenye mlango wa laini (line-in). Usipitishe kwenye tundu la maikrofoni la simu: ni la mono, na simu huinua na kushusha sauti yenyewe, hivyo mzee akinyamaza utasikia fujo inapanda. Rekodi WAV (faili ya sauti isiyobanwa), 48 kHz, biti 24, kilele kisizidi dB −6 hivi. Dolby (kitufe cha kupunguza mvumo wa utepe) izimwe, isipokuwa lebo inasema ilitumika. Saa moja ya stereo ni karibu GB 1, basi kaseti zako 19 zitafika karibu GB 30 na saa 28 na nusu za kucheza tu. Hakuna njia ya mkato hapo. MP3 ni ya kutuma WhatsApp, siyo ya kuhifadhi. Weka nakala tatu, mbili kwenye vyombo tofauti, na ya tatu nyumba nyingine kabisa.

Mjukuu_wa_Katuba

Asante sana, Fundi. Kuna kaseti moja ambayo sauti ya mzee inazidi kuwa nyembamba na ya haraka kadiri upande unavyokaribia kuisha. Nyingine imeandikwa «1958», na mzee anakazia kwamba ni kweli.

Fundi_Redio

Ya kwanza ni betri. Redio iliyorekodi ilikuwa inachoka, utepe ukapita polepole. Leo ukiucheza kwa kasi kamili, kila kitu kinakimbia na kupanda. Irekebishe kwa vipande, maana kosa linakua kuelekea mwisho.

Kwa kaseti zilizorekodiwa redio ikiwa imechomekwa ukutani, una kipimo cha bure: mngurumo wa umeme. Umeme wetu ni Hz 50, na mara nyingi Hz 100 ndiyo inayoonekana wazi zaidi kwenye kichoro cha masafa cha Audacity, programu ya sauti ya kompyuta. Ukiikuta kwenye 103, utepe unakimbia kwa asilimia 3, yaani karibu nusu ya nusu-toni. Punguza kasi kwa asilimia 2.91 (siyo 3 kamili, kwa sababu unagawa 100 kwa 103). Ila kwanza simamisha utepe usikilize: mngurumo ukiendelea, ni wa nyaya zako mwenyewe. Chomoa chaja ya laptopu, utumie betri. Na fanya marekebisho kwenye nakala. WAV ya kwanza haiguswi kamwe.

Msomaji_wa_Makaratasi

Kuhusu 1958, mzee hadanganyi na kaseti haidanganyi. Philips walitoa kaseti mwaka 1963, kwa hiyo tarehe hiyo ni ya wimbo, siyo ya utepe. Sikiliza kama kuna mkwaruzo wa sindano na kama nyimbo zinakatika karibu dakika ya tatu. Upande mmoja wa sahani ya mizunguko 78 ulibeba kama dakika tatu tu, na wapiga gitaa wa Katanga wa kizazi kile walipima nyimbo zao humo. Kama hivyo ndivyo, una nakala ya sahani, na sahani huwa na lebo na namba. Muulize aliyemrekodi alikuwa nani. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco huko Jadotville (Likasi ya leo) mwaka 1952, na rekodi zake zimehifadhiwa kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Studio za mjini hazikuacha karatasi nzuri hivyo.

Makaye yasiyo na tarehe yanapangwa kwa ushahidi wa ndani. Fedha ndiyo shahidi bora, kwa sababu mtu haandiki bei ya sukari kwa pesa ambayo haijazaliwa. Zaire na makuta zilianza 1967. Zaire mpya ilikuja 1993. Franka ya Kongo ilirudi 1998. Mwandishi wa mambo ya roho huandika sadaka, nauli, bei ya mishumaa, na vitu hivyo vidogo ndivyo vitakavyokupa miaka. Majina ya mahali yanasaidia upande mmoja tu. Elisabethville na Jadotville ziligeuka Lubumbashi na Likasi mwaka 1966, lakini wazee waliendelea kusema majina ya zamani miaka mingi, kwa hiyo «E'ville» haithibitishi kitu. Hata «Lubumbashi» uisome kwa makini: lilikuwa jina la mto na la kiwanda kabla ya kuwa la mji. «Shaba» likiwa jina la jimbo la Katanga linakupa kipindi kizuri, kutoka mwanzo wa miaka ya 70 hadi 1997. Angalia na sahihi zake. Akijiita Jean, Joseph au Pierre kwenye kaye moja, na kwenye jingine ana majina ya ukoo peke yake, hilo la pili huenda ni la baada ya 1972, wakati majina ya Kikristo yalipokatazwa.

Jalada la nyuma nalo lina neno: mtengenezaji, jedwali la kuzidisha, picha, bei ya duka. Linakuonyesha tu kaye halikuandikwa kabla ya mwaka fulani. Watu walinunua makaye na kuyaweka.

Kabla ya kuyasoma, yapige picha. Namba za kurasa kwa penseli laini pembeni, siyo biki. Mwanga wa dirisha kutoka upande mmoja, simu sambamba na ukurasa, rula ndogo ndani ya picha, na majina ya faili kama K07_034 ili kaye na ukurasa vijulikane. Piga jalada, kurasa tupu, na karatasi yoyote iliyochomekwa, hapo hapo ilipokutwa, kabla hujaitoa. Usitumie skochi, usitie plastiki ya moto, na usifute doa kwa spiriti, maana wino wa biki unayeyuka. Yahifadhi kwenye katoni safi iliyoinuliwa kutoka chini, siyo kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ikinyesha, mfuko huo unatengeneza uvundo ndani.

Gitaa_ya_Zamani

Niongeze upande wa vidole, maana watu wakiandika maisha ya mwanamuziki wanasahau mikono.

Msimwekee nyuzi mbili tu zilizokosekana. Badilisha zote sita kwa pamoja, seti nyepesi ambayo uzi mwembamba kabisa ni wa inchi 0.010 au 0.011, na mzikaze polepole kwa siku mbili. Gitaa ya zamani ikipewa nyuzi nzito, daraja linang'oka. Kama daraja lake ni lile la kufunga nyuzi kwa fundo, ilikuwa gitaa ya nailoni. Chuma hapo ni mwiko.

Halafu apige, hata kama vidole vimekuwa vizito. Piga video mara mbili: moja ya mkono wa kushoto kutoka kama mita moja, nyingine ya mkono wa kulia. Wapiga gitaa wengi wa Katanga wa mtindo ule walitumia gumba na kidole cha shahada tu, gumba likibeba besi, shahada ikiimba. Kaseti haikuonyeshi hilo. Ukisikia sauti tatu unadhani ni vidole vitatu, unaandika uongo.

Kutafuta jinsi alivyokaza nyuzi, kwanza sahihisha kasi kama Fundi alivyosema. Besi nene kabisa ya gitaa iliyokazwa kawaida ni karibu Hz 82. Ukisikia noti chini ya hapo, alilegeza uzi. Ukisikia mikao ya vidole ya do lakini mlio ni wa re, kuna kapo (kibano cha kubana nyuzi zote shingoni) kwenye freti ya pili, pengine penseli na raba. Na ule mlio wa «tin-tin» nyuma ni chupa inayogongwa; muulize nani alikuwa akiigonga. Huyo naye ni shahidi, na kwa kawaida hakuna aliyewahi kumuuliza chochote.

Mwalimu_Sarufi

Mimi nasema Kiswahili kisahihishwe. Kitabu kikitoka na «batu banakuya» pamoja na Kifaransa katikati, msomaji wa Dar au Mombasa atakiweka chini ukurasa wa pili. Mzee mwenyewe angependa asomwe mbali.

Msomaji_wa_Makaratasi

Mwalimu, kwa heshima, hapo tunatofautiana. Hapa mjini tuna mfano mkubwa: ile historia iitwayo «Vocabulaire» ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965, kwa Kiswahili cha hapa, kwa ajili ya watumishi wa nyumbani. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 hakuifanyia usafi. Aliweka maandishi kama yalivyo, maneno yakiwa yamegandana na vituo havipo. Kisha, ili ajue sentensi inaanzia wapi, alimwomba msemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi aisome kwa sauti, akarekodi, akaandika upya kutokana na sauti ile. Tafsiri ikaja ya mwisho.

Njia hiyo inawafaa ninyi kuliko hata ilivyomfaa yeye, kwa sababu mwandishi wenu yuko hai na haoni vizuri. Msomeeni makaye yake kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, simu ikirekodi. Neno mlilolikata vibaya atalikataa papo hapo. Atacheka mahali msipotarajia, atawaambia nani alikuwa amekufa wiki ile, na tarehe nyingi zitatoka hivyo bila kuulizwa. Taja namba ya ukurasa kwa sauti kabla ya kila ukurasa, la sivyo kutafuta baadaye ni mateso.

Baada ya hapo fanyeni matabaka mawili: maandishi yake herufi kwa herufi, na toleo la kusomeka lenye vituo na maneno yaliyotenganishwa. Kama kuna fedha ya tabaka la tatu kwa Kiswahili sanifu, Mwalimu aifanye, akitia jina lake mwenyewe kama mfasiri.

Mwalimu_Sarufi

Toleo la kusomeka likiwepo, nakubali. Ila faharasa ndogo ya maneno ya Kisanga iwepo pia, ikiangaliwa na msemaji wa lugha hiyo, msibahatishe.

Yaya_wa_Kampemba

Jambo moja halijaguswa: umbo la hadithi yenyewe. Kwetu mtu akihama kutoka baa kwenda kwenye sala, hadithi inajipanga yenyewe kama ushuhuda wa kanisani: zamani giza, siku moja sauti ikamwita, gitaa ikawekwa chini, tangu hapo nuru. Mzee ataisimulia hivyo, na ana haki. Lakini ninyi mna kaseti 19. Zikishapangwa kwa miaka, zilinganisheni na makaye. Mara nyingi utakuta alipiga gitaa miaka mingi baada ya «kuiacha», au kwamba sala ya kaye la tatu inakaa sawasawa juu ya wimbo wa kaseti ya pili. Wekeni yote mawili, kauli yake na ushahidi, bila kumsuta.

Hata waliofanya safari hiyo wakajulikana duniani wana mchanganyiko huo. Inayat Khan wa Baroda, India (1882–1927), hakujifundisha peke yake, alitoka nyumba ya wanamuziki. Alikuwa mpiga vina (ala ya nyuzi ya Kihindi), akatoka kwao 1910 kwenda Marekani na nduguze akipiga matamasha, kisha akawa mwalimu wa Usufi huko Ulaya. Alisema aliacha muziki, lakini mafundisho yake juu ya sauti yamejaa muziki. Na vitabu vyake vingi ni hotuba zilizoandikwa na wanafunzi kwa hati mkato. Kwa hiyo muulizeni mzee: lipi aliandika kwa mkono wake, lipi alimsomea mtu akaandika? Mwandiko ukibadilika ndani ya kaye, kuna karani, na karani ana jina.

Chunguzeni pia alikosikia mafundisho. Mkiona «uzima, uzazi, mapendo» yanakwenda pamoja tena na tena, hiyo ni alama ya Jamaa, kundi la kidini la Wakatoliki, iliyotoka kwa Padri Placide Tempels na wafanyakazi wa migodi upande wa Kolwezi miaka ya 50. Huenda hakuwahi kuwa mwanachama. Mafundisho yale yalizunguka kambi zote za Union Minière, kampuni ya migodi.

Haki: sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kumiliki kaye siyo kumiliki maneno yaliyomo. Familia kukubali haitoshi, kwa kuwa mwenyewe yuko hai: atie sahihi yeye, karatasi moja, asomewe kwanza mbele ya mashahidi wawili, kila ruhusa kwenye mstari wake: kunakili kaseti, kuweka nakala maktaba, kuchapisha, kupiga redioni. Akikataa moja, tatu zinabaki. Wenzake waliopiga naye wana haki zao kwenye rekodi.

Na majina. Makaye ya namna hii yana wagonjwa walioombewa, siri za ndoa, pengine na mtu aliyetajwa kuwa mchawi. Hilo la mwisho lisichapishwe kabisa, hata kwa herufi ya kwanza ya jina. Hapa mtu anaweza kuchomewa nyumba kwa mstari mmoja. Dawa za kunywa zenye vipimo nazo zibaki kwenye nakala ya familia.

Mjukuu_wa_Katuba

Yaya, asante. Kaye la nane lina kurasa saba za sala kwa Kifaransa kizuri mno. Mahali pengine anaandika Kifaransa kwa shida. Tufanyeje?

Msomaji_wa_Makaratasi

Hizo karibu hakika ni nakala. Vijitabu vya sala na vya elimu ya siri kutoka Ulaya vilipita mikono mingi hapa, na mtu aliyeazimwa kimoja alikinakili usiku akakirudisha asubuhi. Dalili zake: Kifaransa bila kosa, aya zenye namba, neno lililokatwa kwa kistari katikati ya mstari (kwa sababu kwenye kitabu lilikuwa mwisho wa mstari), na mahali aliporuka mstari akarudi kuujaza juu. Chukua sentensi moja ndefu isiyo ya kawaida, uitafute kwenye intaneti ndani ya alama za kunukuu. Ukiipata, usizitoe kurasa hizo kwenye kaye la nane kana kwamba hazikuwepo. Kwenye kitabu zisichapishwe. Weka maelezo kwamba kurasa saba ni nakala ya maandishi fulani, kisha chapisha alichoandika pembeni kwa mkono wake. Kama pembeni kuna alama za do, re, mi juu ya maneno, nitumie picha: huenda alikuwa anaitafutia gitaa.